Aombaye Kupita Haja Yake Huwanyima Wenzake

Mwaka jana ofisi yetu ilipewa jukumu la kupiga picha na kuandika habari za mazoezi ya kikosi kimoja yaliyochukua siku tatu. Twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba tuliomba malori matatu kwa siku zote tatu, ilhali tulijua vyema kuwa lori moja kwa siku mbili lingetutosha. Tulipewa yote matatu. La kwanza lilibeba watu na vyombo vya kupigia picha. La pili lilibeba viti vya wageni. La tatu lilisimama chini ya mwembe tangu asubuhi hadi jioni, dereva wake amelala juu ya usukani. Siku ya pili, jua likiwa linatua, ndipo tulipopata habari kwamba kombania moja iliyokuwa ng'ambo ya mto ilikula chakula cha mchana saa kumi na moja jioni, kwa vile hapakupatikana gari la kuwapelekea.

Hakuna aliyetulaumu. Karatasi zote zilikuwa na sahihi zilizotakiwa, na muhuri ulikuwa mahali pake.

Tangu siku hiyo jambo hili limetukaa moyoni. Si kwamba lilikuwa kubwa. Askari hafi kwa kuchelewa kula mara moja. Limetukaa kwa sababu lilitendeka bila mtu yeyote kuvunja kanuni hata moja, na jambo baya litendekalo ndani ya kanuni ni gumu kulitibu kuliko lile litendekalo nje yake. Basi katika kutafuta kujua jinsi watu wengine wanavyogawa vitu vichache kwa wahitaji wengi, tulifika mahali ambapo hatukutazamia kufika, yaani kwenye mitambo mikubwa ya kompyuta. Twaomba msomaji atuvumilie kwa maelezo machache ya ufundi, maana pasipo hayo hoja yetu haitasimama.

Kompyuta moja, hata iwe na nguvu namna gani, haiwezi kukamilisha kwa wakati hesabu za hali ya hewa ya dunia nzima. Kwa hiyo wataalamu huziunganisha kompyuta mamia au maelfu kwa nyaya zenye kasi, zikawa kama kikosi kimoja. Kikosi hicho huitwa klasta, na kila kompyuta iliyo ndani yake huitwa nodi. Klasta iitwayo Frontier, iliyoko katika maabara ya taifa ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani, ina nodi zaidi ya 9,000; mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza duniani kutajwa katika orodha ya kompyuta kubwa kuwa imefanya hesabu zaidi ya bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde. Huku kwetu Afrika Mashariki, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, ina klasta yake ndogo ambayo watafiti huitumia kwa hesabu za vinasaba. Ile kubwa na hii ndogo zinatumia programu moja ya kugawa kazi. Programu hiyo huitwa Slurm. Ilianza kutengenezwa katika maabara ya Lawrence Livermore, California, katika miaka ya mwanzo ya 2000, na yeyote aitakaye huichukua bila malipo.

Huenda askari akauliza, mambo haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, utabiri wa mvua unaomfikia rubani wetu hutokana na hesabu za namna hiyo, ambazo katika vituo vikubwa vya dunia hurudiwa mara 4 kila siku, na utabiri unaotoka baada ya mvua kunyesha si utabiri tena. Pili, na hili ndilo tunalotaka kulisema leo, kazi ya Slurm ni ile ile ya ofisa wa zamu na ya ofisa wa bohari. Wote hupokea maombi mengi kuliko vitu walivyo navyo, na wote hawajui kilichomo moyoni mwa mwombaji. Wanachojua ni kile alichoandika kwenye karatasi.

Mtu atakaye kutumia klasta hawezi kwenda moja kwa moja akaanza kazi. Huandika ombi, akieleza anataka nodi ngapi, kumbukumbu kiasi gani, na kwa muda wa saa ngapi. Ombi lake huingia foleni. Programu, ambayo sisi tutaiita mgawaji, huyapima maombi yote, huamua nani aanze na nani angoje, na kila baada ya muda mfupi huyapima upya.

Hapo zamani mgawo ulifuata kanuni moja tu, kwamba aliyetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuhudumiwa. Kanuni hiyo hupendeza masikioni. Lakini tuchukue klasta yenye nodi 100, na nodi 60 zina kazi. Aliye mbele ya foleni anataka 80. Hana budi kungoja, na wote walio nyuma yake wangoje pia, hata yule anayetaka nodi 5 kwa nusu saa. Nodi 40 zinakaa bure, foleni inarefuka, na haki imetendeka! Mwaka 1995 David Lifka, mtaalamu wa maabara ya Argonne iliyo karibu na mji wa Chicago, alieleza njia waliyoitumia katika mtambo wao wenye nodi 128. Mgawaji huhesabu saa ambayo yule wa mbele atapata nodi zake zote, akamwandikia miadi. Kisha hutazama nyuma ya foleni, akamtafuta mwenye kazi ndogo inayoweza kuanza sasa na kumalizika bila kumchelewesha yule mwenye miadi, akampitisha. Wa mbele hakupunjwa kitu, na wa nyuma amepata. Njia hiyo ya kujaza mapengo imeenea mno, na Slurm nayo huitumia.

Msomaji makini ameona tayari mahali ambapo jengo hili limeegemea. Limeegemea juu ya muda ambao mwombaji ameuandika. Aliye na kazi ya nusu saa akiandika saa 10, pengo la saa moja lililo wazi mbele yake halitamtosha kwenye karatasi, ingawa lingemtosha kwa kweli.

Je, watu huandika kweli? La hasha. Watafiti wawili, Ahuva Mu'alem na Dror Feitelson, walichunguza kumbukumbu za mitambo ya namna hii na mwaka 2001 walichapisha waliyoyaona, kwamba makadirio ya watumiaji yako mbali sana na ukweli, na wengi huomba muda mwingi kupita wanaoutumia. Hao si wezi wala wajinga. Ni mabingwa wa fizikia na kemia. Sababu yao iko wazi. Kazi inayopita muda ulioombwa huuawa hapo hapo na mgawaji, hata ikiwa imebakiza dakika moja, na jasho la siku nzima likapotea. Lakini aliyeomba muda mwingi kupita haja yake haulizwi na mtu. Basi mwenye akili afanye nini? Aongeze.

Hapa ndipo sisi tulipojiona kama katika kioo. Kwa nini tuliomba malori matatu? Kwa sababu siku moja, miaka michache nyuma, tuliomba moja, nalo likaharibika njiani, na mkubwa mmoja akatuuliza mbele ya watu kwa nini hatukuwa na la akiba. Tangu wakati ule hatujapata kuulizwa kwa nini tuna la ziada. Tukiwa chuoni katika mafunzo ya ukadeti tulifundishwa kuwa askari mwema hujitayarisha kwa lisilotazamiwa, na hilo ni fundisho la kweli. Lakini kila kikosi kikijiwekea akiba yake binafsi dhidi ya lisilotazamiwa, jeshi zima hukosa akiba. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaodhani kuwa dawa ya tabia hii ni kuwahubiria waombaji wawe waaminifu. Anayemwadhibu aliyepungukiwa, asimtazame hata kwa jicho aliyelimbikiza, huyo ndiye mwalimu wa uongo, hata kama hakukusudia kuufundisha.

Lazima tuseme, ili tusije tukamdanganya msomaji, kwamba watafiti hao wawili waliona pia jambo la ajabu, nalo ni kwamba kukadiria kwa usahihi mno hakukuleta siku zote ile nafuu kubwa ambayo mtu angeitazamia. Kazi inayomalizika kabla ya saa yake huacha pengo ambalo halikutarajiwa, na kazi fupi huingia humo. Ni kweli. Lakini pengo la kompyuta hujulikana mara moja, kwa vile mgawaji huarifiwa papo hapo kazi inapokwisha. Lori letu lililosimama chini ya mwembe halikumwarifu mtu.

Tuje sasa kwa kampuni ya Google, ambayo kwa miaka mingi imegawa kazi zake kwa programu iliyoitwa Borg, nayo mwaka 2015 wahandisi wake walichapisha habari za programu hiyo. Huko kundi moja la kawaida huwa na kompyuta kama 10,000. Kazi zao ni za daraja mbalimbali. Ziko zile ambazo haziwezi kusimama hata kidogo, kwa kuwa watu wanazingoja wakati huo huo, na ziko zile ambazo zikichelewa mpaka kesho hakuna atakayelia. Wenye kazi za daraja la juu huomba zaidi ya haja yao, kama sisi tulivyoomba. Lakini Borg haiachi kilichoombwa kikae bure. Huangalia wanatumia kiasi gani hasa, huwaachia kiasi cha usalama, na kinachosalia huwaazima wale wa daraja la chini kwa sharti moja, kwamba mwenyewe akikitaka, watakirudisha papo hapo na kazi yao itaondolewa. Kwa maelezo ya wahandisi hao, kama asilimia 20 ya kazi katika kundi la kawaida ilifanyika kwa vitu vya kuazimwa hivyo. Msomaji afikirie sehemu moja katika tano ya kazi zote ikitendeka kwa vitu ambavyo penginepo vingekaa chini ya mwembe.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2020 walieleza juu ya programu nyingine, Autopilot, ambayo humwondolea mwanadamu kazi ya kukadiria; yenyewe hutazama matumizi ya siku zilizopita na kuweka kiwango. Palipokadiria watu, sehemu iliyoombwa isitumike ilikuwa asilimia 46. Palipokadiria programu, ilikuwa asilimia 23. Tunapenda msomaji azingatie kwamba hata mtambo haukufika sifuri, wala haukujaribu kufika, maana akiba ni kitu cha haki. Ila akiba ya asilimia 46 tunaweza kusema imepita akiba, imekuwa uchoyo uliotiwa sahihi.

Katika mambo yote tuliyoyasoma, moja lilitupendeza zaidi, nalo ni la mwaka 2011, la wataalamu wa chuo kikuu cha California kilichoko Berkeley. Wao walijiuliza jinsi ya kugawa vitu vya aina mbili kwa watu wenye mahitaji yasiyofanana. Tutoe mfano kwa hesabu yao, lakini kwa vitu vyetu. Bohari ina malori 9 na mapipa 18 ya mafuta. Kikosi cha kwanza kinakwenda mbali, hivyo kila safari yake hutaka lori 1 na mapipa 4. Kikosi cha pili kinahamisha mizigo mingi karibu, na kila safari yake hutaka malori 3 na pipa 1. Ukigawa nusu kwa nusu, kila mmoja atabaki na kitu asichokihitaji, akikikalia. Wataalamu hao walisema, mtazame kila mmoja kwa kile anachokila zaidi, kisha wasawazishe hapo. Basi kikosi cha kwanza kitapata safari 3, yaani mapipa 12, ambayo ni theluthi mbili ya mafuta yote. Kikosi cha pili kitapata safari 2, yaani malori 6, ambayo ni theluthi mbili ya malori yote. Malori yote 9 yatakuwa barabarani, na mapipa 4 yatabaki.

Lakini uzuri wa njia hiyo hauko kwenye hesabu. Uko katika jambo walilolithibitisha, kwamba chini ya mgawo huo mwombaji akidanganya juu ya haja yake hatapata faida yoyote. Kikosi cha pili kikisema kinataka malori 5 kwa safari moja, kitajihesabia kuwa kimekula zaidi, na zamu yake itasogea nyuma. Wao hawakutegemea watu kuwa wema. Waliweka kanuni ambayo kwayo ukweli humlipa msemaji, na sisi twaona kwamba huo ni ukamanda.

Yatubidi kusema neno juu ya cheo, kwa kuwa hatuandiki kwa ajili ya raia. Wapo watakaosema kwamba jeshini hakuna foleni, mkubwa akitaka amepata. Tunajibu kwamba hata kwenye klasta kuna wakubwa. Katika Borg kazi ya daraja la juu humwondoa wa daraja la chini bila radhi. Hata hivyo wahandisi wake waliweka mpaka, kwamba kazi za daraja la juu haziruhusiwi kuondoana zenyewe kwa zenyewe, kwani waliona kuwa mmoja akimwondoa mwenzake, naye huyo akaenda kumwondoa wa tatu, mtikisiko hautakoma. Huko Frontier, mradi uliokwisha kutumia fungu lake lote la mwaka haufukuzwi. Kwa kanuni zilizotangazwa, kazi zake huhesabiwa kana kwamba zimechelewa kufika kwa siku 30. Zitapita endapo nafasi itabaki, lakini hazitamtangulia mwenye haki yake. Slurm nayo ina namna ya kukumbuka nani alitumia nyingi hivi karibuni, ikamweka nyuma ya yule aliyetumia kidogo, na ukumbusho huo, pasipo mtu kuubadilisha, hupungua kwa nusu kila siku 7, ili aliyekula jana asihukumiwe kwa ulaji huo maisha yake yote. Cheo kipo, lakini kimeandikwa, na kila aliye katika foleni anaweza kukisoma na kujua kwa nini anangoja. Askari huvumilia kungoja. Asichoweza kukivumilia ni kungoja asijue anamngoja nani.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba kompyuta ziwekwe kugawa malori vitani. Mgawaji wa klasta hajui kwamba mto umefurika, wala hajui kwamba dereva fulani amefiwa. Ofisa wa zamu anajua. Nodi haina njaa. Kombania ng'ambo ya mto inayo. Ndiyo maana kosa letu lilikuwa zito kuliko la yule bingwa wa fizikia anayeandika saa 10 badala ya nusu saa.

Tunalotaka ni dogo, nalo liko ndani ya uwezo wa kila kamanda wa kikosi na kila mkuu wa kituo cha polisi. Fomu ya kuomba gari ina nafasi ya kuandika kilichoombwa. Iongezwe nafasi moja ya kuandika kilichotumika, ijazwe gari linaporudi, na fomu ya mwezi uliopita iambatanishwe na ombi jipya. Aliyeomba kidogo akapungukiwa kwa bahati mbaya asisimamishwe mbele ya wenzake. Apewe kutoka katika akiba ya wote, ambayo itakuwapo kwa kuwa hakuna aliyeificha. Na chombo kinachokaa bure kiazimwe bila kumwondolea mwenyewe haki ya kukidai.

Ombi letu la mazoezi yajayo limekwisha kupelekwa. Tumeomba lori moja kwa siku mbili. Katika nafasi ya maelezo tumeandika kwamba lori hilo likikaa bila kazi kupita saa mbili, dereva ana ruhusa yetu kwenda popote atakapoagizwa na ofisa wa usafiri, pasipo kutungoja sisi kutia sahihi.